Yule wa Sita Aliyetupa Mgongo

Jarida letu la mashujaa lilitoka kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka kumi ya mwisho lilikuwa na msomaji mmoja. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nimekaa chini kujisifu. Wapo watu wanaochora ili wakumbukwe. Mimi nilichora ili nisiulizwe swali.

Liliitwa Sita wa Mumbuni. Tulipolianzisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa wavulana sita wa kidato cha kwanza, wote wa Mumbuni, wote wembamba, wote tukijiona tuna akili kuliko walimu. Wazo tulilitoa kwenye majarida ya kigeni ya mashujaa yaliyofika sokoni Machakos ndani ya marobota ya mitumba, yakiwa yamekunjwa na kusokomezwa kwenye viatu ili visibonyee. Tuliyanyoosha kwa pasi ya makaa. Mengi hayakuwa na jalada wala mwisho, na hakuna aliyejua lipi lilitangulia lipi. Shujaa tuliyemzika wiki hii tulimkuta wiki ijayo anakula mkate na wenzake, na mezani pale hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Tukazoea hivyo. Nadhani hapo ndipo nilipoharibikia.

Baba yangu alikuwa tarishi katika shule moja ya sekondari, na kazi iliyompa heshima ilikuwa kuchapa mitihani kwa mashine ya stensili. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unachora juu yake kwa kalamu ya chuma, nta inakwaruzika, unaivika kwenye silinda yenye wino, unazungusha mkono wa mashine, na wino unapita penye mikwaruzo tu. Ukikosea, kuna dawa ya rangi ya waridi inayonuka kama rangi ya kucha. Unapaka, nta inazibika, kosa linapotea. Jumamosi mchana, mitihani ikiisha, baba alituachia mashine kwa saa moja, pamoja na karatasi zilizoharibika. Ndiyo maana mashujaa wetu walipigana upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili kulikuwa na maswali ya jiografia yaliyochapwa kombo.

Tulikuwa na kanuni moja tu, na tuliiandika kwenye jalada la kila toleo: ndani yake mna jambo moja la kweli. Mashujaa waliinua malori na kukausha mito, sawa, lakini mahali fulani lazima kitokee kitu kilichotokea kweli Mumbuni. Toleo la pili lilikuwa na mbuzi wa mwalimu mkuu aliyekula soksi kwenye kamba. La tano lilimtaja, bila jina, kijana aliyekuwa akipita nyuma ya kanisa kila Jumatano kumngoja mwimbaji wa kwaya. Basi jarida likatoka shuleni likaingia majikoni. Akina mama walilisoma wakitafuta jambo la kweli, wakalijua, wakacheka, na mara mbili tukachapwa viboko kwa sababu ya umbea. Tulivimba vichwa. Gazeti gani jingine lilikuwa linaaminika hivyo?

Kila mmoja wetu alikuwa shujaa mmojawapo. Mimi nilikuwa kiongozi, kwa kuwa kalamu ilikuwa yangu. Yule wa sita, aliyekuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote, nilimpa kazi ya kulinda nyuma. Katika kila picha kundi lilikuja mbele, na yeye alisimama mwisho, ametupa mgongo, anatazama walikotoka. Alikuwa na mabega yaliyoshuka upande mmoja, la kushoto chini ya la kulia, maana alikuwa amebeba maji ya nyumbani kwao tangu utotoni. Ukiyaona mabega yale umemjua.

“Na sura yangu je?” aliniuliza siku moja. “Nyinyi wote muko na sura, mimi niko na kisogo.”

“Utageuka toleo la mwisho,” nikamwambia. “Ngoja.”

“Ya mwisho itakuwa lini?”

“Ngoja tu, wewe.”

Alingoja matoleo kumi na moja. Tulipokuwa kidato cha tatu, wiki ile nilipokuwa nimemaliza kuchora jalada la kumi na mbili, alikuja akasema anaacha shule. Kwao alikuwa yeye, mama yake mjane na dada mdogo, na amepata kibarua cha kuponda mawe Mlolongo, kwenye machimbo ya kokoto. Ningemwambia nini? Ningemwambia nitamkosa. Badala yake nikamwambia ni mjinga. Naye akanijibu kwamba michoro ni ya watoto, na kwamba mtu ambaye baba yake ana mshahara hawezi kumfundisha lolote. Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Aliondoka Alhamisi bila kuniaga. Ijumaa nikafungua chupa ya dawa ya waridi, nikampaka kuanzia kichwa hadi viatu. Asiyekuwepo na lake halipo, nikajiambia, nikapuliza pakauke.

Jumamosi tulichapa nakala sitini. Za mwanzo zilikuwa na mashujaa watano na uwazi mweupe nyuma yao. Mimi nilizungusha mkono, wenzangu wakapokea karatasi na kuzipanga. Karibu na ya arobaini, mmoja wao akasema, “Hebu simama.” Kwenye ule uweupe palikuwa na mistari miwili myembamba, hafifu kama alama ya maji ukutani. Nikasema ni uchafu, nikaendelea. Kwenye ya hamsini mistari ilikuwa mabega, la kushoto chini ya la kulia. Ya sitini ilipotoka alikuwa amesimama pale mzima mzima, mweupeupe kidogo kuliko wenzake, ametupa mgongo.

Tulimwita baba. Alitazama, akafuta vidole kwa kitambaa. “Dawa ikipigwa na wino mingi hupasuka,” alisema. “Ni kawaida. Ulipaka nyembamba.” Sote tukacheka, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nakala tukazigawa zote, zenye watano na zenye sita, na shuleni wakabishana wiki nzima jarida la kweli ni lipi.

Mwezi uliofuata habari zikaja. Mtu wa Mumbuni aliyekuwa kwenye machimbo yale alisema rafiki yetu alifanya kazi siku nane, akamwachia mwenzake wa chumba blanketi, akasema anarudi jioni. Hakurudi. Wengine walisema alipanda lori la kuelekea Mombasa awe utingo, wengine walisema hapana. Polisi waliandika. Mjomba wake alizunguka hospitali. Hakupatikana hai wala maiti. Mimi nilihesabu siku zangu peke yangu na sikumwambia mtu: nilikuwa nimemfuta kabla hajapotea.

Mama yake alikuja nyumbani kwetu saa nne asubuhi, jua kali, kiondo alichokuwa anakisuka bado kiko mkononi na kamba za mkonge zinaning’inia. Nilimwamkia mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita wanawake wote wa rika lake. Akatoa nakala ya jarida kwenye kiondo, akaikunjua juu ya goti. Ilikuwa ya mwisho mwisho, yenye watu sita.

“Mwana wakwa, mwanangu, usinidanganye,” alisema. “Nimeona ya jirani. Huyu hakuwa. Halafu nikaona ya mtoto wa fundi, alikuwa kidogo. Halafu nikapata hii. Anakuja. Nyinyi mnaandika vitu za ukweli. Mmemwona wapi?”

Hapo ndipo ningesema. Dawa imepasuka, mwaitu, nilikasirika nikampaka, basi. Ni sentensi moja. Lakini kuisema ilikuwa kumwambia kwamba nilimfuta mtoto wake, na mbele ya yale macho nilikuwa mwoga. Nikasema jina la mahali pa kwanza lililonijia, mahali nilipowahi kupita mara moja tu nikiwa mdogo. “Nilisikia ameonekana upande wa Kithyoko.”

Alikwenda Kithyoko. Sikudhani angekwenda, ni mbali, karibu na mto Tana, na hakuwa na mtu wa kumpeleka. Alikaa siku mbili sokoni akiwaonyesha watu lile jalada. Fikiria: mama anawaonyesha wauza vitunguu mchoro wa mgongo wa mvulana. Nilimngoja nikijua atarudi amevunjika na mimi nitaumbuliwa. Alirudi Jumapili, vumbi hadi kwenye nyusi, akaja moja kwa moja kwetu. Alikuwa anatabasamu.

“Wamemwona,” alisema. “Watu watatu. Mmoja alijua mabega hata kabla sijasema. Alikuwa anaenda upande wa mto.”

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale mlangoni, mchana kweupe, kuku wanadonoa miguuni petu. Uongo nilikuwa nimeutunga mwenyewe, hata siku nne haujamaliza, na tayari ulikuwa na mashahidi.

“Toleo ingine ni lini?” akauliza.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na mmoja.

Wenzangu walichoka tulipomaliza kidato cha nne. Mmoja alienda ualimu, mwingine jeshini, wengine wawili wakashika biashara zao, na hakuna aliyelia jarida lilipokufa. Halikufa lakini. Toleo la kumi na saba nililichapa peke yangu, nakala tano, maana mashine ya baba ilikuwa imeanza kumeza karatasi. La ishirini na mbili lilitoka kwa fotokopi, kwenye kibanda karibu na stendi, nakala mbili: yake na yangu. Baadaye nikaona fotokopi haina maana, nikawa namchorea moja kwa moja kwa kalamu. Nilipata kazi Mlolongo, ukarani kwenye ghala, nikapanga chumba ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikuja Mumbuni na karatasi nne zilizokunjwa kwenye mfuko wa shati.

Alinipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila nilipofika. Nilikaa kwenye kigoda kilekile, yeye akisoma polepole, mdomo ukitembea, kidole kikifuata maneno. Ndani ya hadithi mashujaa walikuwa wamebaki watatu, kisha wawili, kisha nikaona haya kuwachora hata hao, akabaki yeye tu. Alitembea. Alivuka mto, alilala chini ya daraja, alishona kiatu. Alikua, maana mama yake aliniambia mabega ya mtu wa miaka ishirini na tano si ya mtoto. Daima kwa mgongo. Mwisho wa kusoma aliuliza maswali mawili.

“Jambo ya ukweli ya leo ni gani?”

Nikasema hili au lile, mvua imenyesha Masinga, daraja limerekebishwa.

“Na mbona hageuki?”

“Bado, mwaitu.”

Sikuweza kumgeuza. Uso wake ulikuwa umenitoka. Nilikumbuka mabega, kikohozi, jinsi alivyokunja mikono ya shati, lakini nikifumba macho nitafute uso nilipata uweupe ule wa nakala za kwanza. Picha yake iliyokuwepo ilikuwa ya darasa la nne, watoto hamsini, kila kichwa kama punje ya kunde. Na huko Mlolongo nilikuwa nimeanza kuugua ugonjwa wa migongo. Asubuhi malori yakijipanga kwenye mzani, watu wakivuka barabara kwenda viwandani, ningeona bega la kushoto chini ya la kulia, nikafuata. Mara moja nilimfuata mwanamume kati ya malori hadi kwenye machimbo. Aliposimama nikasimama. Sikumwita, nilingoja ageuke, naye hakugeuka, akashuka shimoni kwa ngazi. Nikachungulia. Chini kulikuwa na wanawake wawili wakiponda kokoto, na wakaniambia hakuna mtu aliyeshuka tangu asubuhi. Nilirudi kazini nimechelewa nikakaripiwa. Sikurudi tena upande ule.

Mwaka wa kumi na nne wa jarida, dada wa rafiki yangu alinipigia simu kazini. Alikuwa ameshaolewa, anaishi hapohapo Mumbuni.

“Mama macho yake inaisha,” alisema. “Daktari amesema ni mtoto wa jicho, wanatoa, siku tatu hospitali anarudi. Amekataa. Anasema hawezi acha nyumba siku tatu, huyo anaweza kuja apate mlango imefungwa. Huyo wako wa karatasi. Mwambie ukweli, tafadhali. Ama utamchorea akiwa kipofu?”

Alijua kumbe. Nadhani alijua tangu zamani, na alininyamazia kwa sababu mama yake alikuwa na furaha Jumamosi moja kila mwezi.

Nilikwenda. Nilibeba ushahidi, maana nilijua neno langu halitatosha mbele ya ushahidi wa wale wauza vitunguu wa Kithyoko. Stensili ya lile jalada la kumi na mbili nilikuwa nimeihifadhi tangu siku ile, imelazwa ndani ya gazeti chini ya godoro, na sikuwahi kuifunua. Mpango ulikuwa rahisi: nimwonyeshe ufa kwenye dawa, nimwambie hapa ndipo mtoto wako alipopitia, si Kithyoko. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye mwanga, kiondo mapajani, anasuka kwa kupapasa. Dada alisimama nyuma yake. Nikapiga magoti nikamwambia yote: ugomvi, chupa, baba na dawa iliyopasuka, uongo wa Kithyoko, mvua za Masinga. Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Mikono yake iliacha kusuka.

“Nionyeshe hiyo kupasuka,” akasema.

Nikaifunua stensili, nikaiinua kwenye jua. Mashujaa watano waling’aa, kila mstari umepenya. Nyuma yao palikuwa na doa la waridi lenye umbo la mtu, kuanzia kichwa hadi viatu. Niliutafuta ufa. Nikaigeuza, nikautafuta tena kwa upande wa pili. Dada akaja akatazama. Doa lilikuwa zima. Halikuwa na hata tundu la sindano, dawa ilikuwa nene kama ugali uliogandia sufuriani, na mwanga haukupita hata kidogo.

“Haijapasuka,” dada alisema kwa sauti ndogo.

Sina maelezo. Nimeshawauliza watu wenye elimu kubwa kuliko yangu, wakanipa maelezo matatu tofauti, na hakuna aliyekuwepo pale mlangoni. Nilichojua ni kwamba nimekuja kukiri na ushahidi wangu umenigeuka. Mwaitu hakushangaa. Alinyoosha mkono akaligusa lile doa la waridi, akaurudisha mkono kwenye kiondo.

“Wewe ulimwambia atageuka toleo ya mwisho,” alisema. “Aliniambia. Alikuwa anacheka, akasema nitakuwa mzee kabla nipate sura. Basi hii ndiyo ya mwisho. Mgeuze.”

“Mwaitu, sikumbuki.”

“Hata mimi sikumbuki,” alisema. “Chora.”

Hilo sikulitarajia. Dada aliziba mdomo. Miaka yote ile aliuliza mbona hageuki, na nilidhani anataka kuuona uso anaoujua. Alikuwa ameupoteza kama mimi, na alikuwa hana wa kumwambia.

Nilichora hapohapo, kwa kalamu ya wino, nyuma ya karatasi ya hospitali aliyokataa kusaini, goti langu likiwa meza. Nilianza na mabega, kwa mara ya kwanza yakitazama huku. Kisha shingo, masikio, na kwenye uso nikauacha mkono uende wenyewe, sikuusimamia. Ilichukua kama nusu saa. Nikampa. Aliileta karibu na jicho la kulia, lile lililobaki na uzima kidogo, karibu kabisa hadi karatasi ikagusa kope, akaisogeza polepole kutoka paji hadi kidevu, kama alivyosoma kila kitu.

“Huyu ni wewe,” alisema.

Nikachukua karatasi nikatazama. Ilikuwa kweli. Pua yangu, kovu langu la nyusi, na hata uchovu wa mtu wa ghala la Mlolongo. Nikaanza kuomba msamaha, nikamwambia nitachora nyingine.

“Wacha,” akasema. “Uko na jambo ya ukweli moja, hata usiharibu. Nani amekuwa akikuja hapa kila mwisho wa mwezi? Nani anakula muthokoi yangu? Nimekaa nikingoja mtu akuje, na mtu alikuwa anakuja.” Akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata. “Huyo mwingine ni mtoto wangu na nitamlilia. Sasa nitamlilia. Lakini hii macho sikuwa nayaweka ya kuona mgongo, ni ya kuona sura. Nipelekeni.”

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Kabla hatujatoka aliniagiza nibandike kwenye mlango, kwa nje, lile jalada la zamani lenye watu sita, ili mtu akifika ajue kwamba hapa anajulikana. Nilibandika kwa ugali, nikafunga kufuli, nikampa ufunguo. Dada alimshika mkono wakatangulia kwenye njia. Mimi nilitaka kumshika upande wa pili, akanisukuma kidogo.

“Wewe tembea nyuma,” alisema.

Nikatembea nyuma yao hadi barabarani. Mara moja niligeuka kutazama tulikotoka, kwa kuwa ndiyo kazi ya anayetembea nyuma, na mlango ulikuwa umefungwa.